Je, Wajua? Grep, ng'ombe na tarakimu za Kiarabu

Je, wajua kwamba grep, ile programu inayotafuta neno ndani ya faili na kukutolea mistari yenye neno hilo, ilirekebishwa kasoro kabla haijapata mtumiaji wa pili? Ilikuwa 1973, Bell Labs, Marekani. Doug McIlroy alimwambia mwenzake Ken Thompson kwamba ingefaa kuwe na chombo cha kupekua faili. Thompson akaomba usiku mmoja alifikirie. Kumbe chombo alikuwa nacho siku nyingi, cha kwake mwenyewe, akikiita s bila makuu. Alikaa nacho kama saa moja, akakiondolea kasoro alizokuwa akizivumilia peke yake, na asubuhi akakitoa kama mkate wa moto.

Je, wajua jina limetoka wapi? Kwenye ed, programu ya kuhariri maandishi ya siku zile, ukitaka kuona mistari yote yenye kitu fulani uliandika g/re/p: g ni pita faili nzima, re ni ruwaza unayoitafuta, p ni chapisha. Ondoa mikwaju, kinabaki grep. Kamusi ya Oxford ililipokea neno hilo Desemba 2003, kama nomino na kama kitenzi. Sisi tunaolitumia kutwa tumekwisha kulinyambua: "i-grep hiyo", "nimeshai-grep, haimo".

Je, wajua kwamba waasisi wa taifa la Marekani wanahusika? Lee McMahon wa Bell Labs hiyohiyo alikuwa akichunguza nani aliandika nini katika makala 85 za Federalist, zilizotolewa 1787 na 1788 na watu watatu, Hamilton, Madison na Jay, waliojificha nyuma ya jina moja la bandia. Maandishi hayo hayakuenea ndani ya ed. Kompyuta za PDP-11 zilitumia anwani za biti 16, kwa hiyo programu moja iliona kilobaiti 64 tu za kumbukumbu. Picha moja ya WhatsApp leo inazidi hapo. Ikabidi kazi ya kutafuta ichomolewe ndani ya ed isimame yenyewe, isome mstari, iamue, iusahau, iende mstari unaofuata.

Je, wajua kwamba neno refu hutafutwa upesi kuliko neno fupi? Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani umetaniwa. Mike Haertel, mwandishi wa kwanza wa GNU grep, ile inayokuja na Linux, alieleza siri ya mwendo wake mwaka 2010: haisomi kila baiti ya faili. Inatumia mbinu ya Robert Boyer na J Strother Moore ya 1977. Chukua neno "zahanati", herufi 8. Programu inaliweka juu ya maandishi na kutazama kwanza herufi ya nane, si ya kwanza. Ikikuta k, na k haimo popote ndani ya "zahanati", basi zile saba za nyuma yake hazina haja ya kuangaliwa. Inaruka nafasi nane nzima. Ikikuta nafasi tupu, inaruka nane tena. Ukitafuta "na" inaruka mbili mbili, kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Tena haijisumbui kuyakata maandishi mstari kwa mstari. Mpaka wa mstari huutafuta pale tu neno linapopatikana.

Je, wajua kwamba herufi "a" ni mzigo? Programu ndugu iitwayo ripgrep ina hila nyingine: kabla ya kuanza huchagua katika neno lako baiti iliyo adimu zaidi, kisha huifukuzia hiyo. Ili ijue ipi ni adimu, inabeba jedwali lililotokana na maandishi ya aina mbalimbali, kikiwamo kitabu cha CIA cha taarifa za nchi za dunia, msimbo wa lugha ya Rust, na Agano la Kale la Kigiriki. Kiswahili hakikualikwa. Bahati nzuri z ni adimu hata kwa Kiingereza, kwa hiyo "zahanati" inatafutwa kwa z yake na mambo yanakwenda. Lakini katika lugha ambayo nusu ya sentensi ni "a", neno kama "nana" halina pa kushikia.

Je, wajua kwamba tuliwahi kutozwa ushuru wa herufi tusizozitumia? Maneno ya Kiswahili yanatosha ndani ya herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo. Kila herufi ni baiti moja. Hata hivyo, kompyuta zilipohamia UTF-8, ambako herufi moja yaweza kuwa baiti mbili, tatu au nne, matoleo ya zamani ya grep yalianza kupima kila baiti kwa wasiwasi: hii ni herufi kamili au kipande? Mtafutaji wa "sukari" alisubiri kama mtafutaji wa Kichina. Wajuzi wakaambiana dawa: andika LC_ALL=C mbele ya amri, grep isahau UTF-8 na ikimbie. Toleo la 2.6 la 2010 lilisafisha sehemu kubwa ya aibu hiyo. La 2.17, mwaka 2014, likafanya utafutaji usiojali herufi kubwa na ndogo, yaani -i, uwe kama mara kumi upesi zaidi kwa ruwaza za kawaida. Dawa ya LC_ALL=C bado inatembea vichwani mwa watu, na tutaona chini jinsi ilivyoniponza.

Je, wajua kwamba herufi İ ya Kituruki ilikuwa ikikata mistari ya watu? Ina nukta juu ingawa ni kubwa, na ukiigeuza ndogo inachukua baiti pungufu. Kuanzia toleo la 2.6, grep -i ilikuwa inaugeuza mstari wote kuwa herufi ndogo, inapima urefu wa mstari huo uliogeuzwa, kisha inachapisha mstari wa asili kwa kipimo kile. Mkia wa mstari ukapotea. Kuna na kinyume chake: herufi inayonenepa ikigeuzwa, na grep ikachapisha takataka za kumbukumbu zilizokuwa jirani. Kasoro imezaliwa na toleo lile lile lililotusafishia UTF-8.

Je, wajua kisa cha ng'ombe? Hiki ni changu, na nitakaa hapo kidogo.

Nilipewa folda ya taarifa za mifugo zilizokusanywa na ofisi moja, miaka kadhaa ya kazi, nihesabu kutajwa kwa ng'ombe. Nikaandika:

grep ng'ombe *.txt

Nikabonyeza. Kimya. Kioo kikanirudishia alama moja tu, >, ikipepesa. Nikangoja, nikidhani faili ni kubwa. Hazikuwa kubwa. Ile ritifaa, programu inayopokea amri huihesabu kuwa ni mwanzo wa nukuu, na ilikuwa inanisubiri niifunge. Grep yenyewe haikuwa imeamshwa. Kila mwandishi wa Kiswahili anayeanza kutumia dirisha la amri hupita hapo. Wenzetu wa Kiingereza hukwama kwenye "don't" mara chache, sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, king'ora na majina kama Ng'wanamalundi.

Nikaweka nukuu mbili: grep "ng'ombe" *.txt. Mistari mitatu. Taarifa za miaka kadhaa za mifugo, ng'ombe watatu! Nikafungua faili kwa macho: ng'ombe kila ukurasa. Nikavuta kioo karibu, nikaona. Watu walikuwa wameandika kwa programu ya ofisini, nayo huikunja ritifaa yenyewe, ' ikawa ’. Kwa macho ni ndugu. Kwa kompyuta, ya kwanza ni baiti moja, ya pili katika UTF-8 ni baiti tatu, na hazijuani kabisa.

Basi nikatumia nukta, ambayo kwenye ruwaza humaanisha herufi yoyote moja: "ng.ombe". Hapo ndipo ile dawa ya zamani iliponikaa mkononi kwa mazoea; nikaweka LC_ALL=C mbele. Kwa kuwa grep ilikuwa imesahau UTF-8, nukta yangu ikawa sawa na baiti moja, na ritifaa iliyokunjwa ina tatu. Sikupata hata mmoja wa wale waliokunjwa kwa UTF-8. Nikaiondoa LC_ALL=C. Sasa wakaja wengi, lakini si wote, kwa sababu faili za zamani zaidi zilikuwa zimehifadhiwa kwa mfumo wa Windows wa kabla, ambako ritifaa iliyokunjwa ni baiti moja isiyo halali katika UTF-8, na nukta ya grep haikubali kusimama mahali pa baiti isiyo halali. Hao walitaka LC_ALL=C! Amri moja inapata nusu ya zizi, nyingine nusu nyingine. Nilimaliza saa mbili usiku, baada ya kuzigeuza faili zote kuwa UTF-8 na kuandika "ng['’]ombe".

Je, wajua kwamba grep -w, inayotakiwa kutafuta neno zima tu, ukiipa "ombe" itakuletea ng'ombe? Kwake neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ritifaa haimo. Kwa hiyo ng'ombe ni maneno mawili, "ng" na "ombe", na hakuna aliyeihesabu hiyo kuwa kasoro. Kuna watu waliokaa na kuamua neno ni nini, na ng' haikuwa mezani.

Je, wajua kuhusu ujumbe ule wa kukatisha tamaa, kwamba "faili ya jozi inalingana", bila kukuonyesha mstari wenyewe? Baiti moja mbovu ilitosha kuifanya grep iamini umeipa picha au wimbo badala ya maandishi. Toleo la 2.23 la 2016 lililegeza kamba: sasa inalalamika pale tu inapokaribia kuchapisha kitu kisicho maandishi. Toleo la 3.5 la 2020 likauhamisha ujumbe huo kwenye njia ya makosa, usichanganyike na majibu. Ukitaka ikuamini kwa nguvu, kuna -a.

Je, wajua kwamba ruwaza moja fupi inapata maumbo 24 ya kitenzi?

grep -E '\b(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)pika\b'

Nafsi sita mara njeo nne: ninapika, ulipika, atapika, tumepika, mnapika, walipika na ndugu zao. Kiswahili kimejengwa kwa vipande vinavyoshikana, na ruwaza nazo hivyo hivyo. Sijui lugha inayokubaliana na grep -E kuliko yetu. Lakini ole wako uwe mvivu ukaandika "pik" peke yake. Utaletewa pikipiki zote za mji, na watu wote waliotapika. Kukanusha ni habari nyingine: sipiki, hatukupika, hawajapika, kila moja na mlango wake.

Je, wajua kwamba grep -c haihesabu maneno? Inahesabu mistari. Mstari wenye "pole pole" ni pole moja. Ukitaka kila pole ihesabiwe, toa kila moja kwenye mstari wake kwa -o, kisha hesabu kwa wc -l. Takwimu ngapi zimekosewa hapo, hatutaki kujua.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 grep ilifunguliwa na kufungwa mara tatu kwa sababu ya tarakimu za Kiarabu? Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Grep ina chaguo la -P, linaloipa ruwaza za mtindo wa lugha ya Perl. Humo \d ni tarakimu, \w ni herufi ya neno, \b ni mpaka wa neno. Tatizo lilikuwa kwamba \w na \b zilielewa herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo tu. Neno la Kifaransa lenye é lilikatika katikati. Toleo la 3.9, Machi 2023, likalirekebisha: sasa \w ilitambua herufi za dunia nzima. Wema. Ila swichi ile ile iliyoifungua \w iliifungua na \d, na \d ikaanza kukubali ٠١٢٣٤٥٦٧٨٩.

Msomaji wa pwani atauliza, kosa liko wapi? Hizo ni tarakimu, na sisi tumezisoma chuoni kabla ya hizi nyingine. Barua za Kiswahili za karne ya kumi na tisa, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zina tarehe zake kwa tarakimu hizo hizo. Mwenye kupekua nakala za barua hizo angefurahi. Lakini wengi wanaotumia \d si wapekuzi wa barua. Wanatumia kulinda mlango. Programu ndogo inauliza: je, hii ni namba ya simu, tarakimu kumi tupu? Mtu akiandika ٠٧١٢ na kuendelea, mlango unafunguka, halafu programu ya ndani, inayojua 0712 peke yake, inaanguka kifudifudi au inafanya jambo lisilotarajiwa.

Mwezi huo huo likatoka toleo la 3.10: \d irudi kwenye tarakimu 0 hadi 9 tu, iwe iwavyo. Tatizo limekwisha? Njia iliyotumika kuifunga \d iliivunja ikiwa ndani ya mabano ya mraba, yaani [\d], ambayo watu huitumia kutwa. Mei likatoka la 3.11. [\d] ikapona, na gharama yake ni kwamba \w na \b zikarudishwa kwenye herufi za Kilatini tupu, pale pale zilipokuwa kwenye toleo la 3.8. Matoleo matatu ndani ya miezi mitatu, na mtumiaji wa -P akajikuta uwanja ule ule alioanzia, isipokuwa sasa waandishi waliandika wazi kwamba siku za usoni huenda \w ikafunguliwa tena.

Sioni uzembe hapo. Swali "tarakimu ni nini" lina majibu mawili yaliyo sahihi, na programu inaruhusiwa kutoa moja.

Je, wajua kwamba egrep na fgrep zimezeeka rasmi? Ya kwanza aliiandika Alfred Aho. Ya pili imesimama juu ya mbinu aliyoibuni na Margaret Corasick mwaka 1975, ya kutafuta maneno mengi kwa mpigo mmoja, na kilichowasukuma ni haja ya kutafuta kwenye orodha za vitabu na makala. Tangu 2007 watu wanaambiwa waandike grep -E na grep -F badala yake. Hakuna aliyesikia. Kwa hiyo toleo la 3.8 la Septemba 2022 likaanza kuonya kila unapoziita, na maelfu ya programu ndogo zilizokuwa zikifanya kazi kimya kimya usiku zikaamka zikipiga kelele. Mimi bado naandika egrep. Vidole vina ukaidi wao.

Je, wajua kwamba mpangilio uitwao GREP_OPTIONS, ulioweza kubadili tabia ya grep bila wewe kujua, ulianza kutolewa onyo 2014 na ukazimwa kabisa kwenye toleo la 3.6 la 2020? Waliozoea kuweka rangi humo walinuna. Waliokuwa wakikesha wakitafuta kwa nini programu ile ile inajibu tofauti kwenye kompyuta mbili, walilala.

Je, wajua kwamba mstari mmoja ulikuwa unaweza kuiangusha grep? Kabla ya toleo la 2.11 la 2012, urefu wa mstari ulihesabiwa kwa namba isiyoweza kuvuka baiti 2,147,483,647. Mstari ukizidi hapo, hesabu inapinduka, programu inaandika nje ya eneo lake la kumbukumbu, na mwenye nia mbaya anapata upenyo. Nani ana mstari wa gigabaiti mbili? Mwenye hifadhidata iliyomwagwa kwenye faili bila kuruka mstari hata mara moja. Wapo.

Je, wajua kwamba grep iliweza kujila? Andika grep -r neno . > matokeo.txt ndani ya folda ile ile. Faili ya matokeo nayo imo kwenye folda, kwa hiyo inasomwa, neno linapatikana humo, linaandikwa humo, linasomwa tena. Diski ikijaa ndipo kunatulia. Siku hizi grep inatambua kwamba faili inayosoma ndiyo inayoandikwa, inakuambia, inairuka.

Je, wajua kwamba nafasi tupu 20,000 ziliwahi kuzima tovuti kubwa? Tarehe 20 Julai 2016, Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, ilizimika dakika 34. Mtu alikuwa amebandika maandishi yenye nafasi tupu kama 20,000 mfululizo, na ruwaza ya kuondoa nafasi za mwishoni ikaanza kuhangaika: inaanza na nafasi ya kwanza, inakwenda mpaka mwisho, inakuta si mwisho wa mstari, inarudi kuanza na ya pili, hivyo hivyo. Fanya hesabu utapata kama mara milioni 200. Miaka mitatu baadaye, 2 Julai 2019, ruwaza moja mbovu ya kampuni ya mtandao Cloudflare ikaangusha sehemu kubwa ya huduma zake kwa dakika 27. Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwapo tangu 1968, Ken Thompson yule yule alipoeleza namna ya kufuata njia zote za ruwaza kwa pamoja, baiti kwa baiti, bila kurudi nyuma. Ripgrep inafanya kazi kwa msingi huo. Grep ya kawaida pia, mpaka uiombe mambo makubwa kama -P.

Je, wajua kwamba "rip" ya ripgrep si maneno ya kaburini? Andrew Gallant, aliyeitoa 2016 ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Rust, alikusudia kurarua maandishi kwa kasi. Mwanzo aliiita rep, kisha xrep. Ukitafuta kitu ndani ya kihariri cha VS Code leo, ni yenyewe inayokimbia nyuma ya pazia. Kabla yake ilikuwapo ag, alama ya kikemia ya fedha, iliyojitapa kwamba jina lake ni fupi kwa asilimia 33 kuliko la mtangulizi wake, ack. Hesabu ni sahihi.

Je, wajua kwa nini ripgrep "haioni" faili ambayo wewe unaiona? Kwa kawaida inaheshimu .gitignore, orodha ya faili za kupuuzwa, inaruka faili zilizofichwa, na inaruka zisizo maandishi. Ndiyo sababu moja ya upesi wake: haifanyi kazi isiyotakiwa. Ukitaka isibague, tumia amri yake hivi: rg -uuu. Nimewahi kumshuhudia kijana akiapa kwamba neno halimo, na neno limo, ndani ya folda ya build.

Je, wajua kwamba kutafuta ndani ya faili iliyobanwa kulikuwa hatari kwa watumiaji wa Windows? Kwa -z, ripgrep ilikuwa inaita programu nyingine ya kufungulia, na Windows huanza kuitafuta programu hiyo kwenye folda uliyosimama. Mwovu akiacha humo faili yenye jina hilo hilo, umemwendeshea kazi yake. Toleo la 13 la 2021 likaziba.

Je, wajua kwamba toleo la 15 la ripgrep, Oktoba 2025, karibu lote ni marekebisho? Kasoro iliyolalamikiwa sana ilihusu sheria za .gitignore zilizoandikwa kwenye folda ya juu, ambazo ukisimama folda ya chini hazikufuatwa inavyopasa. Kuna na kasoro ya kumbukumbu kuliwa ovyo .gitignore ikiwa kubwa mno. Lakini niliyoipenda ni ndogo: rg -vf orodha, pale orodha ikiwa tupu. Maana ya amri ni "nipe mistari yote isiyomo kwenye orodha". Mwambie mlinzi wa harusi: usimpitishe yeyote aliyeandikwa hapa, kisha mpe karatasi nyeupe. Mlinzi mwenye akili atapitisha watu wote. Ripgrep ilikuwa inafunga geti. Toleo la 15 likalifungua.

Je, wajua kwamba grep hujibu hata isiposema kitu? Ikimaliza huacha namba: 0 nimepata, 1 sikupata, 2 kuna kosa. Programu nyingine huiangalia namba hiyo na kuamua la kufanya, kwa hiyo kuigusa ni kugusa mambo ya watu. Matoleo ya 3.2 hadi 3.4 yalibadili namba inayotolewa na -L, ile inayoorodhesha faili zisizo na neno, vitu vikaharibika huko na huko, na la 3.5 likarudisha kama zamani.

Na je, wajua kilichokuwa kikitokea kwenye folda yenye faili 100,000? Toleo la 3.11, lile lile la tarakimu za Kiarabu, lilikuja na kasoro nyingine isiyohusiana: ukiliambia litafute kwenye folda kubwa kiasi hicho lilikataa, likisema kazi hiyo haiwezekani, na kuacha namba 2. Toleo la 3.12 la Aprili 2025 limerekebisha. Mfano uliotolewa kuthibitisha ni wa kutengeneza folda, kuijaza faili tupu 100,000, kisha kutafuta humo herufi x. Grep inazipitia zote laki moja, haikuti kitu, haisemi kitu, inaacha 1.